Jina la Georgine halikuwa kwenye orodha

Butembo, Alhamisi, mwezi wa tatu

Shajara, leo nisamehe salamu. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ukungu umekataa kuondoka Bulengera, na viatu vyangu viko karibu na jiko vikitoa mvuke. Bado kuna mwanga dirishani, chai iko mkononi, na nimechoka uchovu ule ambao usingizi hauumalizi.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: ninaitwa Kahindo, ni mwalimu wa darasa la sita katika shule moja ya parokia hapa Bulengera. Miaka kumi na saba ubaoni. Nina sauti kubwa, magoti mabovu, na sifa ya kueleza hesabu mpaka mtoto wa mwisho aelewe. Sifa hiyo niliipenda sana. Mpaka leo saa sita mchana niliipenda.

Asubuhi nilitia sahihi orodha ya wanafunzi watakaofanya mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi. Asiyekuwa kwenye orodha hafanyi mtihani, na asiyefanya mtihani haendi sekondari. Anarudia darasa, au anarudi nyumbani moja kwa moja. Darasani nina watoto arobaini na watatu. Orodha ilikuwa na majina arobaini na mawili.

Aliyebaki ni Georgine.

Georgine ana miaka kumi na minne, ni Mbuti, wa jamii ya watu wa msituni, na ndiye Mbuti pekee darasani kwangu. Familia yake ilikimbia vita kutoka vijiji vya huko mbele ya Oicha, na sasa wanaishi pembeni mwa shamba la muumini mmoja wa parokia. Mama yake anauza kuni. Georgine amekuwa shuleni kwetu miaka mitatu, na katika miaka hiyo mitatu sikumbuki kumsikia akiuliza swali.

Direkta wetu, Bwana Paluku, si mtu mbaya. Ananiulizia magoti yangu kila Jumatatu. Leo alinieleza kwa upole kwamba shule inapimwa kwa asilimia ya wanaofaulu, kwamba wakaguzi hawaangalii kitu kingine, na kwamba mtoto mwenyewe atafaidika akipewa mwaka mmoja zaidi.

“Arudilie tu, Madame Kahindo. Itamusaidia.”

Nilitia sahihi bila kubishana. Ningebishana vipi? Ni mimi niliyeandika kwenye karatasi yake ya pointi, kabla ya Noeli, kwa mwandiko wangu mzuri: Hana msingi. Hapendi masomo. Walimu wawili waliomfundisha kabla yangu waliandika karibu maneno hayo hayo. Nadhani tulinakiliana, kosa lile lile tunalowachapia watoto.

Mwendesha moto, pikipiki ya kukodi, alibeba orodha akaenda nayo ofisi ya wakaguzi mvua ikimpiga usoni. Mimi nilirudi darasani, na kwa bahati mbaya watoto walikuwa wamekwisha kuyapata majina. Sijui yanavujaje. Georgine aliomba ruhusa ya kutoka, nikampa, naye hakurudi kabla ya mapumziko.

Saa ya mapumziko alirudi na mama yake.

Mama Georgine ni mfupi, na alikuwa amelowa kuanzia kitambaa cha kichwa hadi miguuni. Alikataa kiti. Alisimama mlangoni mwa darasa ili asichafue sakafu, na nikaona aibu, maana wazazi wengine huingia na matope yao yote bila kunitazama.

“Mimi hapana kuya hapa kwa kugombana, mwalimu,” alisema. “Nilimuuliza mutoto: juu ya nini hauelewake kama benzako? Akaniambia: Mama, kama hesabu inafika ku fasi ya nguvu, madame anageuka anasema Kinande. Batoto bote banaitika eeeh. Miye ninabakiaka inje.”

Nilifungua mdomo kumjibu kwamba si kweli, kwamba mimi hufundisha kwa Kifaransa kama kitabu kinavyotaka na kueleza kwa Kiswahili, si kwa Kinande, lugha yetu sisi wenyeji wa hapa. Nina hakika nilifungua mdomo. Georgine alikuwa nyuma ya mama yake anatazama vidole vya miguu yake.

“Kinande hajui?” Ndilo nililoweza kuuliza.

“Anajua wabukire na wasingya,” alijibu mama yake. Asubuhi njema na asante. “Kule kwetu tulisemaka luga yetu na Kiswahili. Hapa hakuna mutu alimufundisha.”

Nilimwambia nitaangalia. Neno hilo tunalitumia kwa wazazi wote, nao wote wanajua maana yake. Alishukuru, akaondoka na mvua yake.

Baada ya mapumziko nilifundisha nikijisikiliza. Shajara, simwombei mtu jambo hilo. Ilikuwa hesabu ya wafanyakazi: watu wanne wanalima shamba kwa siku sita, je, watu wanane watalima kwa siku ngapi? Nilisoma swali kwa Kifaransa. Nikalirudia kwa Kiswahili. Nikafika mahali ambapo kila mwaka watoto huniletea siku kumi na mbili, nikaona nyuso zinakunjamana, na kabla sijaamua chochote nilikuwa tayari katikati ya sentensi ya Kinande, nawaeleza kwa mfano wa wajomba wanaokuja kumsaidia mtu kulima. Darasa zima likaachia pumzi. Eeeh!

Georgine alikuwa anasoma jalada la daftari lake.

Nikajionya. Nikaanza swali la pili, na nikateleza tena. La tatu nilijikamata neno likiwa nusu mdomoni, nikasimama, chaki mkononi, nikitafuta namna ya kuendelea kwa Kiswahili. Sikuipata. Mimi niliyezaliwa hapa, ninayenunua, kuuza, kusali na kuwagombeza watu kwa Kiswahili, sikuweza kueleza kwa nini watu wakiwa wengi siku zinapungua. Mtoto mmoja wa mbele aliniuliza kama ninaumwa.

Nilisema ndiyo, kidogo.

Hapo ndipo Beni iliponirudia.

Mwezi uliopita tulipelekwa Beni, walimu kadhaa wa Butembo na wa Lubero, kwenye mafunzo ya siku tatu kuhusu watoto wa jamii za wachache. Mada ilikuwa kwa nini hawafaulu. Mkufunzi alitoka Kinshasa, kijana mtanashati, anasema vizuri. Alibandika karatasi kubwa ukutani na kutuomba tutaje sababu. Tulizitaja haraka, kana kwamba tulizikariri tangu katekisimu: umaskini, wazazi hawajahamasishwa, mila, uwindaji, msimu wa asali. Mimi ndiye niliyesema msimu wa asali. Walinipigia makofi.

Kisha mkufunzi akaingia kwenye sehemu ngumu, namna ya kujaza fomu ya kumfuatilia mtoto. Alianza kwa Kifaransa. Kila alipofika kwenye fundo aliteleza kwenye Kilingala, kwa raha, kama mtu aliyevua viatu nyumbani kwake. Waliosoma Kinshasa na Kisangani walicheka, wakaandika. Mimi Kilingala changu ni cha nyimbo na cha askari wa vizuizi vya barabarani. Nilitikisa kichwa na kuandika tarehe. Jirani yangu, mwalimu wa Beni aliyekijua kwa kuolewa na askari, alininong’oneza maneno mawili matatu, halafu naye akachoka.

Siku ya tatu tulifanya jaribio. Karatasi yangu ilirudi na maneno ya mkufunzi: Anahitaji kuhamasishwa.

Mimi! Niliyeamka usiku wa manane kuwahi gari! Njia nzima ya kurudi Butembo nilikuwa namtukana kimoyomoyo yule kijana. Nilipofika nyumbani nilimwambia mume wangu kwamba watu wa Kinshasa wanatuona washenzi. Alicheka, akaniambia nile kwanza. Karatasi niliichana.

Nilipoichana sikumfikiria Georgine hata kidogo. Hilo ndilo linaloniuma jioni hii kuliko sahihi yenyewe. Nilikuwa nimepewa dawa ya ugonjwa wangu mwenyewe, chungu kabisa, nikaitema na kulalamikia ladha.

Mchana watoto walipotoka nilifungua daftari la mahudhurio, maana bado nilikuwa natafuta njia ya kujitetea. Nilitaka kuona ule msimu wa asali. Sikuuona. Georgine amekosa siku chache kuliko Muhindo, mtoto wa mwenye duka, ambaye hupotea kila siku ya soko kumsaidia baba yake. Kando ya jina la Muhindo niliandika: kazi ya familia. Kando ya jina la Georgine, siku moja aliyokosa mwezi wa kumi na moja, niliandika: mila.

Siku ile mvua ilikuwa imebeba daraja la miti wanalovukia. Nakumbuka, kwa sababu hata maziwa hayakufika.

Miaka hii tumeambiwa mambo mengi. Tuliambiwa ada ikiondolewa, watoto wote watasoma, na atakayebaki nyuma amejitakia. Ada ikaondolewa, na madarasa yakajaa, na mimi nilifurahi kama wote. Kisha likaja shirika na mifuko ya mgongoni kwa watoto wa jamii za wachache. Georgine alipata mfuko. Mwaka uliofuata likaja shirika jingine, akapata mfuko wa pili, na picha akapigwa. Kisha wakaja wa kuhamasisha wazazi, wakamhamasisha Mama Georgine ambaye tayari alikuwa anamleta mtoto kwa miguu kila siku. Sikatai mifuko. Daftari linahitaji pa kukaa. Ila katika safari zote hizo za magari meupe hakuna aliyekuja kukaa saa moja nyuma ya darasa langu na kusikiliza nasema nini, kwa nani. Ningemkaribisha kiti kizuri, na nadhani naye pia angesema mtoto yule hana msingi.

Na benchi lake, niliungame nalo. Alipofika, wenzake walilalamika kwamba ananuka moshi wa kuni. Nilimhamishia nyuma, karibu na dirisha. Nilisema ni ili apate hewa.

Leo nilimbakiza. Nilitoa kitabu, nikakifunga, nikamwambia tuhesabu kwa kuni. Nikamuuliza kwa Kiswahili kitupu, polepole, nikichagua kila neno kama mtu anayevuka matope: wewe na mama yako mnahamisha lundo la kuni kwa siku sita. Wakija watu wengine wawili kuwasaidia, mtamaliza lini?

“Siku tatu,” alijibu mara moja.

Nikamuuliza kwa nini si kumi na mbili. Alinitazama kama anayemhurumia mgonjwa.

“Batu bakikuwa bengi kazi inaisha mbio, madame.” Kisha akatazama ubaoni, ambako hesabu ya wale wakulima wanane ilikuwa bado haijafutwa. “Kumbe njo ile tu?”

Njo ile tu. Ndiyo hiyo tu.

Nilimpa maswali matano. Alipata matatu. Mawili aliyakosa, moja kwa sababu ya kugawanya vibaya, jingine kwa sababu nililieleza ovyo na nikajua nalieleza ovyo. Si muujiza, na sitaki mtu anisome hapa akadhani nimegundua mtoto wa ajabu msituni. Ni mwanafunzi wa kawaida wa kupata matatu kwa matano. Ninao wengi wa aina hiyo kwenye orodha.

Nilikwenda kwa Direkta nikiwa na daftari la Georgine mkononi. Bwana Paluku aliliangalia ukurasa kwa ukurasa, akavua miwani, akaivaa tena.

“Madame Kahindo, weye njo uliandika hana musingi. Miye nilifuata tu maneno yako.”

Nilimwambia ndiyo, na maneno yangu nayaondoa. Akapiga simu ofisini. Walimwambia jina linaweza kuongezwa hadi kesho saa sita mchana, mradi kuwe na barua ya shule inayotaja sababu kwa nini lilisahaulika. Baada ya kesho mlango umefungwa.

“Andika kosa ya mashine,” alisema. “Ile hakuna mutu ataikatala.”

Nikamuuliza kwa nini nisiandike ukweli. Aliangalia dirishani kwenye ukungu ambako nyumba ya masista haikuonekana.

“Ukiandika eti ni juu ya luga, batatuma inspecteur. Ataanza kuuliza shule zote za hapa. Bote tunafanyaka vile, mama. Miye pia, wakati nilikuwa darasani. Na liste itangojea hiyo discussion? Hapana. Mutoto njo atangojea.”

Alipoacha kuniita madame akaniita mama nilijua ananiambia jambo la kweli. Lilinichosha zaidi. Ningependa awe mtu mbaya kidogo, ili nipate wa kumkasirikia.

Basi barua iko hapa mezani, kando ya chai. Nimekwisha kuiandika. Inasema jina la mwanafunzi liliruka kwa kosa la mashine wakati wa kuchapa orodha. Shule yetu ina mashine moja, imekufa tangu mwaka jana, na orodha tuliiandika kwa kalamu. Hakuna atakayeuliza. Kesho asubuhi Direkta ataipiga muhuri, moto itaipeleka, na Georgine atakuwa na namba ya mtihani kama wengine.

Mashine maskini itabeba dhambi yangu. Naandika ukweli hapa, ambapo mkaguzi hasomi, na najua huo si ushujaa. Niliposoma barua kwa sauti, mume wangu aliniuliza kwa nini ninalia kwa ajili ya barua fupi namna hiyo. Nilimwambia ni moshi wa jiko. Kisha nikakumbuka benchi la dirishani, nikaomba Mungu anisamehe na neno hilo pia.

Barua itamwingiza Georgine kwenye orodha. Haitamfundisha hesabu. Imebaki miezi michache, na mtihani uko kwa Kifaransa, na njia ya kufika kwenye Kifaransa ni mimi. Nitaeleza sehemu ngumu kwa Kiswahili, na wale arobaini na wawili watanung’unika, na baadhi ya wazazi watakuja kuniambia ninawaharibia watoto kwa sababu ya mmoja. Sijui nitawajibu nini. Alasiri hii nimejaribu kumweleza ujazo wa pipa binti yangu, hapa jikoni, kwa Kiswahili. Nimekwama mara nne. Binti yangu amecheka mpaka akakaa chini. Nikamuuliza, sasa hana msingi nani? Hakuelewa, nami sikumweleza.

Nimepanga hivi. Kesho Georgine anahamia benchi la mbele, mbele kabisa, karibu na meza yangu. Nitaliambia darasa kosa langu, kwa Kiswahili, bila kumtaja mama yake. Na nitampa Georgine kazi moja: kila nikiteleza, anyooshe mkono, nami nitarudi nyuma na kuanza upya, hata kama ni mara ishirini kwa saa moja.

Nitateleza. Najijua. Miaka kumi na saba haitoki mdomoni kwa siku moja.

Ila ninachokihofia ni kingine, na ndicho kinachonizuia kuinuka nipike. Miaka mitatu tumemfundisha kukaa kimya tunapomwacha nje, na hilo ndilo somo pekee tulilompa kwa lugha anayoielewa. Amelishika vizuri sana.

Kesho nikigeuka ubaoni na Kinande kikanitoka, je, atanyoosha mkono?